Jibu: Mtoto njiti wa miezi 5, shingo bado

Dada, umeuliza mbona mwanao aliyezaliwa wiki ya 29 ya mimba hajakaza shingo na ana miezi 5, na wa jirani yako hapo Ngamiani kakaza zamani. Toa zile wiki 11 alizowahi kabla ya wiki 40 za mimba: kimakuzi ana miezi miwili na nusu hivi, kwa hiyo shingo bado ina muda. Daktari wa watoto huhesabu hivyo mpaka miaka 2. Chanjo ndiyo hufuata tarehe ya kuzaliwa, usicheleweshe.

Kinachonitia wasiwasi ni macho. Njiti wa namna hiyo hupimwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) wiki ya 4 hivi baada ya kuzaliwa. Kama hakupimwa, kesho asubuhi panda Hospitali ya Bombo ukaulize. Na mwili ukikakamaa, au mkono mmoja hauchezi, usingoje kliniki ijayo.