Maji ya Bomba na Haki ya Kuambiwa Mapema: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua tulizopokea kuhusu maji ya kunywa mijini ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua zile zinazogusa jambo moja: mamlaka ya maji inapaswa kuwaambia nini wananchi wake, na iwaambie lini.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mji wetu ulioko Kanda ya Ziwa, maji ya bomba yalitoka yakiwa na rangi ya udongo kwa siku kadhaa baada ya mvua kubwa. Nilipokwenda ofisi ya maji niliambiwa kwamba sampuli zimepelekwa maabara na kwamba tutaarifiwa majibu yakipatikana. Gari la matangazo lilipokuja kupita likitutaka tuchemshe maji, watoto wa majirani zangu walikuwa wamekwisha kuanza kuharisha. Je, ni kweli kwamba mamlaka haiwezi kusema lolote kabla ya majibu ya maabara? (Mama mkazi, Kanda ya Ziwa)

JIBU: Pole sana, dada yangu, wewe na majirani zako. Jibu langu ni kwamba si kweli, na ningependa kueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa kisingizio hiki cha kusubiri maabara husikika katika miji mingi.

Maji yanayotoka mtoni au ziwani hutiwa shabu ili tope ligandamane na kuzama, kisha huchujwa kwenye mchanga, na mwisho hutiwa klorini ya kuua vimelea. Hatua hizi hutegemeana. Tope likipita kwenye machujio, hula klorini ambayo ingeua vimelea, na chembe zake huvificha vimelea hivyo visifikiwe na dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kiasi cha tope, kinachopimwa kwa kipimo kiitwacho NTU, kiwe chini ya 1 kabla ya maji kutiwa klorini inapowezekana, na kwamba klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya kukaa na maji kwa dakika 30, ili maji yanapofika kwa mtumiaji ibaki angalau miligramu 0.2.

Tope na klorini hupimwa kwa dakika chache, pale pale mtamboni au kwenye bomba la mwananchi. Kipimo cha bakteria aina ya E. coli, wanaoonyesha kwamba maji yamechanganyika na kinyesi, huhitaji saa 18 hadi 24, kwa sababu lazima bakteria hao waachwe wakue kwenye joto maalumu ndipo wahesabiwe. Kwa hiyo majibu ya maabara yanapofika, maji yaliyopimwa yamekwisha kunywewa. Fundi wa mtambo anayeona tope limepanda na klorini imetoweka anayo tayari sababu ya kutosha ya kuwaambia watu wachemshe maji. Maabara ina kazi yake, nayo ni kuthibitisha na kuelekeza hatua zinazofuata. Haikuwekwa ili tahadhari icheleweshwe kwa ajili yake.

Mfano unaonisikitisha zaidi ni wa Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada, uliokuwa na watu wapatao 4,800. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilisukuma vimelea vya samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi kilichojulikana kama Kisima Namba 5, na humo wakaingia bakteria wakali wa jamii ya E. coli. Kwa miaka mingi wahudumu wa maji wa mji huo walikuwa wakiandika daftarini viwango vya klorini ambavyo hawakuvipima, mara nyingi 0.5 au 0.75, hivi kwamba kwenye karatasi mambo yote yalionekana shwari. Tarehe 17 Mei meneja alipata majibu ya maabara yaliyoonyesha uchafuzi, lakini hakuiarifu ofisi ya afya. Maofisa wa afya walimpigia simu tarehe 19 na 20, baada ya wagonjwa wa kuharisha damu kuanza kufika hospitalini, na mara zote wakahakikishiwa kwamba maji hayana tatizo.

Tarehe 21 ofisi ya afya iliamua yenyewe kuwatangazia wananchi wachemshe maji, ingawa haikuwa na jibu lolote la maabara kuhusu maji yenyewe mkononi. Majibu ya sampuli zake yalithibitisha uchafuzi siku mbili baadaye. Watu 7 walifariki na wapatao 2,300 waliugua. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilieleza kwamba laiti klorini na tope vingekuwa vinapimwa kisimani mfululizo kwa mashine, mlipuko ule ungezuiwa, na kwamba laiti meneja angesema ukweli, tangazo lingetolewa tarehe 19 na watu kati ya 300 na 400 wasingeugua. Nakuomba uitazame vizuri hesabu hiyo ya mwisho, dada yangu, kwa kuwa inapima ukimya peke yake: ni siku mbili tu, katika mji ambao ni mdogo kuliko kata nyingi za miji yetu.

Mamlaka huhofia kwamba tangazo likitolewa, kisha maabara ikaonyesha kwamba maji yalikuwa safi, wananchi watapoteza imani. Hofu hiyo naielewa, lakini siikubali. Mwananchi aliyechemsha maji kwa siku mbili bila ulazima amepoteza mkaa, nao ni fedha, hasa kwa mwenye kipato kidogo. Aliyeambiwa maji ni salama, kisha akamlaza mtoto wodini, hataiamini mamlaka hiyo hata siku itakaposema kweli.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mara nyingi ofisi ya maji hunitumia ujumbe mfupi unaosema tu kwamba wananchi wachukue tahadhari. Wananchi huniuliza tahadhari gani, nami sina la kuwajibu. Je, tangazo la aina hii linapaswa kusema nini? (Mwenyekiti, Morogoro)

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, ujumbe wa namna hiyo urudishie waliokutumia uwaombe wauandike upya, kwa kuwa tangazo lisiloeleza la kufanya huacha hofu bila kinga.

Liseme kwanza ni mitaa ipi inayohusika, kwa majina ambayo wakazi wenyewe huyatumia, maana hakuna mwananchi ajuaye kwamba anaishi katika eneo la tangi namba fulani. Liseme tatizo limegunduliwa lini na ni la namna gani. Lieleze matumizi moja moja: maji ya kunywa, ya kuoshea matunda na kachumbari, ya kupigia mswaki na ya kutengenezea barafu na juisi za kuuza yachemshwe, ya kufulia na kudekia yanaweza kutumika kama yalivyo. Kuhusu kuchemsha, liseme maji yaachwe hadi yatokote kabisa, kisha yapozwe yakiwa yamefunikwa katika chombo hicho hicho, kwa sababu maji mengi yaliyochemshwa vizuri huchafuliwa tena na kata au ndoo isiyo safi. Asiye na nishati ya kutosha atumie dawa ya klorini ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, akichuja tope kwanza kwa kitambaa safi, na asubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Mwisho liseme ni saa ngapi taarifa nyingine itatolewa, na saa hiyo ikifika itolewe kweli, hata kama hakuna jipya.

Njia ya kufikisha tangazo nayo ni muhimu. Huko Walkerton tangazo lilisomwa redioni, na Tume ilisema lilipaswa kusambazwa kwa upana zaidi, kwa sababu wapo wakazi ambao halikuwafikia siku hiyo. Katika miji yetu ujumbe wa simu huwafikia wenye mita, ilhali wapangaji, wanaochota kwenye vioski na wanaonunua madumu kwa wasukuma mikokoteni hawamo katika orodha ya wateja. Hao ndio wengi, na ndio wenye uwezo mdogo zaidi wa kujikinga. Kwa hiyo zitumike redio za jamii, vipaza sauti vya misikiti na makanisa, mabalozi wa nyumba kumi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wauza maji wenyewe, ambao huingia kila uchochoro.

Tatizo likiisha, hilo nalo litangazwe, pamoja na agizo la kufungua koki maji yapite kwa muda na kumwaga maji yaliyobaki kwenye matangi ya nyumbani.

SWALI: Kwetu maji hutoka kwa mgawo, mara mbili kwa wiki. Yanaporudi huwa na harufu ya mtaro kwa dakika za mwanzo. Mamlaka inasema mtambo wake unasafisha maji vizuri. Nani mkweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Huenda nyote wawili mnasema kweli, kwa sababu maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa safi yakachafuka njiani. Bomba likijaa maji yenye msukumo, palipotoboka maji hutoka nje. Msukumo ukikatika bomba hubaki tupu, na mahali pale pale hunyonya ndani kile kilichopo nje, na katika mitaa yetu mabomba mengi hupita ndani ya mitaro au karibu na mashimo ya vyoo. Wanaofunga pampu ya kuvuta maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa huzidisha unyonyaji huo, na ningependa wajue kwamba madhara yake huwapata majirani zao.

Maji ya mwanzo yatumie kwa usafi, na ya kunywa yachemshe wakati wote wa mgawo. Mamlaka kwa upande wake haitoshi kupima mtamboni; inapaswa kupima mwisho wa mtandao, kwenye nyumba zinazofikiwa na maji mwisho, na ratiba ya mgawo iandamane na maelezo haya niliyokupa.

SWALI: Maji yetu yananuka dawa. Je, yana madhara? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Harufu kidogo ya klorini ni dalili kwamba kinga bado ipo. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani halipendi kivukwe ni miligramu 5 kwa lita, na pua za watu wengi huisikia klorini kabla hakijakaribia hapo. Yaache maji kwenye chombo cha wazi kwa muda na harufu itapungua. Ikizidi ghafla, toa taarifa.

SWALI: Tunaambiwa kila mara tuchemshe maji, nasi tunachemsha, lakini meno ya watoto wetu yanaendelea kuwa ya kahawia. Tunakosea wapi? (Mzazi, Arumeru)

JIBU: Hamkosei, mzazi mwenzangu, mmepewa ushauri wa tatizo jingine. Rangi hiyo husababishwa na madini ya floraidi, ambayo maji huyachukua kutoka kwenye miamba ya volkano inayozunguka Mlima Meru. Kuchemsha huua vimelea, lakini hakuondoi floraidi. Sehemu ya maji ikigeuka mvuke, floraidi hubaki katika maji yaliyosalia, na kiwango chake kwa kila lita huongezeka. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu ya ugumu wa kupata vyanzo mbadala, na sasa imeteremsha kiwango hicho hadi 1.5.

Katika wilaya yenu kipo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, ambacho kimeshughulikia uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa iliyochomwa. Ulizeni hapo kuhusu machujio ya nyumbani. Muda huo wote, maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kutibiwa yapewe kwanza watoto wadogo, kwa kuwa meno ya utu uzima huharibika yangali yakijijenga ndani ya ufizi.

SWALI: Je, raia wa kawaida anaweza kudai aonyeshwe majibu ya vipimo vya maji ya mji wake? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Anaweza. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa kuomba taarifa kwa maandishi. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, Ibara ya 43 ya Katiba inataja haki ya maji safi na salama, na Ibara ya 35 haki ya kupata taarifa.

Barua yako iandike kwa mamlaka ya maji ya mji wako, nakala kwa EWURA ambayo ndiyo msimamizi wa huduma hiyo Tanzania Bara. Usiombe jibu la jumla la kama maji ni salama, kwa maana utajibiwa ndiyo. Omba idadi ya sampuli zilizochukuliwa kila mwezi, mahali zilipochukuliwa, ngapi zilikutwa na E. coli, na viwango vya klorini kwenye mabomba ya mwisho wa mtandao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mji wa watu kati ya 5,000 na 100,000 uchukue angalau sampuli 12 za bakteria kwa mwaka kwa kila watu 5,000, hivyo mji wa watu 60,000 unapaswa kuwa na sampuli 12 kila mwezi. Ukiletewa sampuli 3, tena zote za mtamboni, basi barua yako ya pili iulize mitaa mingine inapimwa lini, na mwenyekiti wa mtaa wako aitie sahihi pamoja nawe.