Maswali ya Wasomaji: Kava Jipya Limekataa Kufanana na Tenki

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina pikipiki ya bluu yenye chenga. Niliagiza kava la mbele lenye kioo cha kukinga upepo, pamoja na mabawa yake mawili ya pembeni. Limekuja jeusi, plastiki tupu. Fundi alinichanganyia rangi hapahapa, na bandani ilikuwa ileile ya tenki. Tulipoitoa nje, ukisimama mbele inafanana, lakini ukisogea ubavuni kava linakuwa jeusi kuliko tenki. Fundi yuko tayari kurudia. Abadili nini?
Msomaji, Chikongola, Mtwara

JIBU: Fundi wako amekaribia sana, asimwage mchanganyiko wake. Rangi inayofanana kwa mbele ikapishana kwa ubavu haina tatizo la bluu. Tatizo liko kwenye chenga. Hizo ni vipande vidogo vya aluminiamu vilivyolala ndani ya rangi kama magamba ya samaki. Chenga kubwa hung'aa sana ukizitazama usoni, ila kwa ubavu huacha giza. Chenga ndogo zina mng'ao wa kijivukijivu kwa mbele, na ubavu wake hauingii giza sana. Kwa hiyo apunguze rangi ya fedha yenye chenga kubwa na kuweka ya chenga ndogo mahali pake. Ubavu ukibaki mweusi, ndipo aongeze nyeupe, tena kwa tone: matone mawili matatu kwa mililita 250, kisha ajaribu. Nyeupe ikizidi, rangi huwa kama imemwagiwa maziwa, na hapo itabidi aanze upya.

Kufanana bandani na kupishana nje kuna sababu yake. Mwanga wa taa si sawa na mwanga wa jua, hivyo rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zinaweza kuonekana moja chini ya taa na kuachana zikifika juani. Rangi ya pikipiki ihukumiwe nje, kwa mwanga wa mchana. Saa tatu asubuhi au saa kumi jioni ni nzuri; saa sita jua la Mtwara huumiza jicho na kuficha tofauti. Msisimame chini ya mwembe pia, maana majani hurusha ukijani juu ya tenki. Hata jezi nyekundu aliyovaa fundi huonekana ndani ya klia, ile rangi angavu ya juu kabisa.

Kabla ya kuchanganya chochote, osha tenki kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha lisugue kwa dawa ya kung'arishia mpaka utando uliopauka utoke. Wengi huruka hatua hii. Wanalinganisha rangi mpya na vumbi, chumvi ya bahari na ngozi iliyochomwa na jua, halafu tenki likija kuoshwa vizuri wanashangaa kava limepishana. Namba ya rangi, ambayo mara nyingi hubandikwa chini ya kiti au kwenye fremu, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa Honda, kwa mfano, herufi NH ni za familia ya nyeusi, nyeupe na kijivu, na R ni ya nyekundu. Lakini namba inakupa rangi ya siku pikipiki ilipotoka kiwandani. Tenki lililokaa juani miaka minne kijiweni si rangi ile tena. Linganisha na sehemu itakayopakana na kava, yaani uso wa mbele wa tenki. Usilinganishe na rangi iliyojificha chini ya stika.

Vipande vya majaribio ndiyo roho ya kazi hii, na hapa hatutaki fundi aone uvivu. Akate bati la sentimita 10 kwa 15, vipande vitano au sita. Kila kimoja kipate praima (rangi ya msingi) ileile ya kijivu itakayopigwa kwenye kava, kwa sababu rangi nyingi za bluu, nyekundu na njano huonyesha kilicho chini yake. Kisha apulize rangi kwa idadi ileile ya mikono, yaani tabaka, na klia juu yake. Nyuma ya kila kipande aandike kwa kalamu ya wino mzito: mchanganyiko namba fulani, mikono mitatu, presha kiasi fulani. Kikikauka kabisa, akiguse kwenye tenki ukingo kwa ukingo, bila nafasi katikati. Mkitazame kwa mbele, kwa mshazari, na kwa ubavu kabisa. Tazama sekunde chache, geuza macho, tazama tena. Jicho likikaa muda mrefu huzoea na kusema zimefanana.

Wakati wa kurekebisha, abadili kiungo kimoja tu kwa mara moja, na apime kwa bomba la sindano. Mililita moja ya nyeusi kwenye mililita 250 inaonekana wazi.

Mkono nao hubadili rangi. Mchanganyiko uleule ukipulizwa mbichi na mzito, chenga huzama na rangi huwa nyeusi zaidi. Ukipulizwa mkavu, kwa presha kubwa au kwa mbali, huwa nyeupe zaidi. Ndiyo maana kipande cha bati kinapaswa kupigwa na mtu yuleyule, kwa bunduki ileile ya kupulizia, na kompresa ikiwa kwenye presha ileile ya siku ya kazi.

Sasa plastiki yenyewe. Geuza kava utazame kwa ndani, utakuta herufi za aina ya plastiki zilizochapwa kama >ABS< au >PP<. ABS hushika praima ya kawaida ikishasuguliwa. PP haishiki, inahitaji kwanza praima maalumu ya plastiki, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu mara jiwe dogo likigonga. Kama hakuna herufi, kwangua kipande kidogo kwa ndani na kukitumbukiza kwenye glasi ya maji ya bomba: PP huelea, ABS huzama. Msitumie maji ya bahari kwa jaribio hili. Ni mazito zaidi, na ABS inayazidi kidogo tu, kwa hiyo jibu laweza kupotosha.

Osha kava mara mbili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki mpya hutoka na mafuta ya kalibu. Futa kwa spiriti. Tafadhali msifute ABS kwa thina ya rangi: huila, na nyufa nyembamba kama nywele hujitokeza, wakati mwingine baada ya rangi kukauka. Sugua kwa msasa namba 400, piga praima mikono miwili, ikikauka sugua kwa msasa wa maji namba 800. Msasa namba 320 ukiwa wa mwisho, mikwaruzo yake itaonekana ndani ya chenga.

Kwa kava na mabawa yake, tayarisha kama mililita 400 za rangi iliyokwisha kuchanganywa na thina, na mililita 300 za klia pamoja na hadna yake, yaani dawa ya kuigandisha. Ichanganywe yote mara moja, kwa sababu mchanganyiko wa pili haufanani kamwe na wa kwanza. Chuja. Mdomo wa bunduki wa milimita 1.3 au 1.4, presha karibu bar 2. Mikono miwili ya wastani, dakika kumi kati yake mpaka mng'ao wa unyevu uishe, kisha mkono wa mwisho mwepesi kutoka sentimita 25 hadi 30 ili chenga zisijikusanye kama mawingu. Koroga kila unapojaza kikombe. Chenga huzama haraka. Subiri dakika 20, ndipo upige klia mikono miwili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo lake. Bakiza kidogo cha rangi kwenye chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, utaihitaji siku kava litakapokwaruzwa.

Jambo moja halina mjadala. Hadna ya klia ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa puani hakizuii kitu. Fundi avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, maana vichujio vya mkaa pekee havitegemewi kwa kemikali hii, na watoto wasikae karibu na banda.

SWALI: Nilipuliza klia jioni, ikang'aa vizuri. Asubuhi kava lina ukungu mweupe kama limepumuliwa. Nilitumia rangi ya NC (ya nitroselulosi, ile inayokauka haraka).
Msomaji, Lindi

JIBU: Huo ni unyevu wa hewa ulionaswa ndani ya rangi. Thina inayokauka haraka hupoza uso wa kava inapopaa, na mvuke wa pwani hugeuka matone madogo juu yake, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho. NC huathirika kuliko nyingine. Kama ukungu ni mwepesi, puliza mkono mmoja mwembamba sana wa thina inayokauka taratibu; rangi italainika, unyevu utatoka, na ung'avu utarudi. Ukungu mzito unahitaji kusuguliwa na kupigwa upya. Fanya kazi asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo wa bahari haujaanza kubeba mchanga. Kuanzia Desemba hadi Aprili, msimu wetu wa mvua, tumia thina ya taratibu na kukatisha kazi wingu likifunga. Na toa maji kwenye tenki la kompresa kila asubuhi. Vitobo vidogo vinavyoonekana kama macho ya samaki mara nyingi vimetokana na maji au mafuta yaliyopita kwenye mpira wa hewa.

SWALI: Pikipiki yangu ni nyeupe ya lulu. Fundi anasema kava la kuongeza tulipige nyeusi tu. Je, anakwepa kazi?
Msomaji, Masasi

JIBU: Hapana, anakupa ushauri wa mtu anayeijua kazi. Nyeupe ya lulu ina tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu inayopitisha mwanga, na klia. Mkono mmoja wa lulu ukizidi au kupungua, rangi inabadilika, kwa hiyo majaribio yake ni mengi na gharama yake kubwa. Nyeusi isiyong'aa kwenye kava, ikiwa kioo na fremu ya taa navyo ni vyeusi, huonekana imekusudiwa. Ukitaka kuunganisha, chora mstari mmoja wa nyeupe ya kawaida mbali na tenki, jicho halitalinganisha. Ila ukifika kubadili rangi ya pikipiki nzima, kumbuka kadi ina rangi imeandikwa. Rekebisha kumbukumbu TRA kabla ya kusimamishwa barabarani.