Barua pepe ya kazini: chagua IMAP, siyo POP3

Pole dada. Kama ukisoma barua pepe kwenye simu halafu ofisini huikuti tena kwenye kompyuta, karibu hakika simu uliiunganisha kwa POP3, njia mojawapo ya kupokea barua pepe. Hiyo hushusha barua kwenye simu na mara nyingi huzifuta kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi barua za ofisi. Tafadhali usiondoe akaunti bado! Zile zilizobaki kwenye simu tu, jitumie kwanza kwenye anwani nyingine, maana ukiifuta akaunti zinaondoka nayo.

Ukimaliza, iondoe na uiongeze upya kwa IMAP, ambayo huacha barua kwenye seva ili simu na kompyuta zione zilezile. Kwenye mipangilio ya akaunti, kupokea ni poti (namba ya mlango wa seva) 993 na SSL/TLS, kutuma ni 587 na STARTTLS au 465 na SSL/TLS; hizo SSL/TLS na STARTTLS ni njia za kulinda barua zikiwa safarini. Majina ya seva waulize watu wa IT. Kama ofisi yenu inatumia Microsoft 365 (huduma ya Microsoft ya barua pepe na kazi za ofisi), huhitaji namba hizo. Weka programu ya Outlook kwenye simu, ingia kwa anwani ya kazini, na kalenda itakuja humo humo.

Barua zikichelewa kwenye Android, angalia mipangilio ya betri: iondolee programu ya barua pepe kizuizi cha kufanya kazi chinichini. Mimi hilo lilinisumbua wiki nzima.