Pedali ya klachi inazama, gia zinagoma

Kama ukipampu pedali mara mbili tatu gia inaingia, usikimbilie kushusha gia boksi. Hiyo ni dalili ya hewa kwenye mfumo wa mafuta ya klachi au mpira uliochoka ndani ya silinda zinazosukuma mafuta hayo: ya juu kwenye pedali, ya chini kwenye gia boksi. Disiki ya klachi iliyokwisha tabia yake ni nyingine: injini inanguruma, gari haliongezi mwendo.

Angalia kwanza kikopo cha mafuta ya klachi. Yamepungua? Yamevuja mahali. Ingiza kichwa chini ya dashibodi, pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye silinda ya juu. Kisha nenda silinda ya chini, funua kile kiraba cha vumbi; kikidondosha majimaji meusi, umempata mwizi wako.

Kote kukavu na mafuta hayapungui? Simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, weka gia ya kwanza, kanyaga klachi hadi mwisho na utulie, mguu mwingine ukiwa tayari kwenye breki. Gari likianza kujivuta taratibu, mara nyingi silinda ya juu inapitisha mafuta kwa ndani. Hii huwachanganya wengi, maana nje huoni hata tone.

Mimi kwa gari lililozeeka hubadilisha silinda zote mbili kwa pamoja, halafu natoa hewa. Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida ya breki, DOT 3 au DOT 4. Ukitia oili ya injini, raba zitavimba na utaanza upya.