Naitamani ofisi ya kwenye tamthilia

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, niko kitengo cha masoko katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Jioni zangu siku hizi zinaishia kwenye Mad Men, ile tamthilia ya Kimarekani inayohusu kampuni ya matangazo ya biashara huko New York miaka ya 1960. Nimeimaliza yote na sasa nairudia. Shangazi, nazionea wivu ofisi zile. Kila mtu ana meza yake, simu yake, wengine na jina mlangoni. Mkubwa akiingia asubuhi anapokelewa koti na kofia, anaambiwa nani kapiga na nani anamsubiri. Kwetu meza hazina mwenyewe, anayewahi ndiye anayechagua. Siku mbili kwa wiki kila mtu yuko kwake. Tukikutana, kila mmoja ana hedifoni masikioni, na jirani yako wa meza anakuandikia ujumbe badala ya kukugeukia. Baba yangu alipofariki mwezi wa nne, kwenye kundi la WhatsApp zilijaa alama za viganja, na mchango ukatumwa kwa simu. Kwa mchango nashukuru. Lakini hakuna aliyefika Korogwe.

Sasa nimepewa kazi ya kuandaa hafla ya kufunga mwaka. Nikapendekeza tuvae kama ofisi ya 1960: wanaume suti na tai nyembamba, wanawake wavae kama makatibu muhtasi wa enzi hizo, na taipureta mbili tatu mezani za kupigia picha. Wengi walipenda. Dada mmoja tunayefanya naye kazi akasema yeye hawezi kuvaa mateso ya mama yake kama mapambo, akatoka kikaoni. Mama yake alikuwa mpiga chapa. Tangu siku hiyo salamu yake ni ya mbali. Mimi nia yangu ilikuwa njema. Je, kuna ubaya kutamani enzi ambazo ofisi ilikuwa ofisi? Na hafla nifanyeje?
— Msomaji, Kijitonyama

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza pole sana kwa msiba wa mzee. Nitaurudia, maana naona ndio moyo wa barua yako.

Mimi nilisoma uhazili Tabora, nikafanya kazi ya katibu muhtasi katika shirika moja la umma hapa Dar hadi nilipostaafu. Tamthilia hiyo naijua na ninaipenda. Sidhani kama nimewahi kuona kazi iliyoonyesha kwa uangalifu namna hiyo jinsi siku ya ofisi inavyokwenda: mlio wa mashine, faili linalotembea kutoka meza hadi meza, mtu anayesimama mlangoni akisoma uso wa bosi kabla hajaingia. Kwa hiyo sitakwambia uache kuiangalia. Ninachokuomba ni uhamishe kiti chako. Wewe unaitazama ofisi ile ukiwa ndani ya chumba cha Don Draper, bosi wa ubunifu. Njoo ukae nje ya mlango, kwenye meza ya Peggy, katibu wake.

Kumbuka siku yake ya kwanza, Machi 1960. Joan, mkuu wa makatibu, anamfunulia taipureta na kumwambia asiiogope, walioiunda wameifanya rahisi hata mwanamke aiweze. Mwanamke ndiye anayemwambia mwanamke mwenzake hivyo, tena kwa nia ya kumsaidia. Hayo makoti na kofia unazoona zinapokelewa, kuna mikono inayopokea, na mwenye mikono hiyo ana akili inayoweza kuandika matangazo kuliko nusu ya wanaume waliomo vyumbani. Peggy alibahatika. Wasichana waliitwa kujaribu rangi za mdomo huku wanaume wakiwachungulia kutoka nyuma ya kioo, yeye akasema neno moja, na mzee Freddy Rumsen, mwandishi wa matangazo, mlevi yule, akalisikia na kulipeleka mbele. Mtu mmoja kusikiliza, basi, msichana akatoka kwenye meza ya nje.

Joan je? Mwaka 1962 anapewa kusoma miswada ya vipindi vya televisheni kumsaidia Harry Crane, mkuu wa kitengo cha televisheni. Anaifanya kazi ile vizuri mno, wateja wanafurahi, naye anang'aa. Kisha anaajiriwa mwanamume kuichukua kazi, na Joan anatakiwa amwelekeze. Hapigi kelele. Anarudi nyumbani, anakaa kitandani na kusugua bega mahali mkanda wa sidiria ulipomkata. Pale nilizima televisheni kwa muda. Sheria ya Marekani ya mshahara sawa kwa kazi sawa ilikuja 1963, na ile iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika ajira ikaja 1964, lakini umeona mwenyewe Joan alivyoupata ubia wa asilimia 5 miaka michache baadaye, na alivyotakiwa kulala na mtu wa kampuni ya magari ya Jaguar ili aupate.

Na tukiwa hapo nje ya mlango, mtazame pia Hollis, yule anayeendesha lifti. Tanganyika inapata uhuru Desemba 1961, vijana wetu wanaanza kukalia viti vya maofisa wa kikoloni, na katika jengo lile la New York mtu mweusi anabonyeza vitufe vya ghorofa na kunyamaza. Dawn, katibu wa kwanza mweusi, anaingia 1966. Mimi na wewe, mwanangu, tusingepokelewa koti mle ndani.

Sasa nikueleze ya kwetu, maana huyo dada alimtaja mama yake na mimi nadhani namjua mama huyo bila kuonana naye. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku ile ilichukua miaka mingi kulegea. Ndiyo maana taipureta zilikaa kwetu kuliko kwingine, na ndiyo maana mtoto wa mpiga chapa anaweza kuwa mwenzako wa rika moja. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Barua inatakiwa nakala nne: karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, unazipanga na kuzigonga mezani zilingane, unaziviringisha kwenye mashine. Ukikosea herufi moja katika mstari wa mwisho, unafuta nakala ya juu, unaweka kipande cha karatasi nyuma yake ili kaboni isichafue, unafuta ya pili, ya tatu, ya nne, kisha unarudi kuigonga herufi ile kwa nguvu ileile. Stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, ndiyo ilikuwa mtihani zaidi. Unaondoa utepe, herufi zinakata nta. Ukigonga "o" kwa nguvu, katikati yake inadondoka, na mashine ya kudurufu inakuletea doa jeusi katika kila nakala. Mkutano wa bodi ni kesho asubuhi, na bosi ameleta marekebisho saa tisa na nusu, watu wanakunja mikoba. Vidole vyetu vya kati mpaka leo vina ugumu fulani. Hatimkato, ule mwandiko wa haraka wa kuchukulia imla, tulisoma ya Kiswahili na ya Kiingereza, maneno 80 kwa dakika na kuendelea, na aliyeishika vizuri alikuwa anasahihisha sarufi ya mkubwa wake huku anaandika. Hotuba nyingi zilizopigiwa makofi zilinyooshwa kwenye meza zetu. Hakuna aliyetutaja, na hatukutarajia.

Halafu kulikuwa na mlango. Katika chumba chetu cha wapiga chapa tulikuwa na mama mmoja mkubwa wetu. Msichana mpya akiitwa kuchukua imla kwa mabosi fulani, mama yule alimwambia kwa sauti ya chini: ukiingia, usiufunge mlango, na ukifungwa nitakuja kuulizia faili. Na kweli alikuwa anakuja. Anabisha hodi, anaingia kabla hajakaribishwa, ana faili mkononi ambalo hakuna aliyelihitaji, anauliza swali refu kuhusu namba ya kumbukumbu, na anapotoka anauacha mlango wazi. Wakati huo hapakuwa na pa kushtaki. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilitungwa 1998, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini iliyotaja unyanyasaji kuwa ni ubaguzi kazini ni ya 2004. Kabla ya hapo sheria yetu ilikuwa mama yule na mafaili yake. Tulimpenda kama mama mzazi.

Kwa hiyo mwenzako hakuwa na kisirani. Amekua akisikia habari za mlango ule, wewe umemwomba avae gauni asimame kando ya taipureta apigwe picha. Mwite pembeni, usimwandikie ujumbe. Mwambie umeelewa kilichomuuma na kwamba wazo la mavazi umelifuta. Usimweleze nia yako ilikuwa nini, si wakati wake. Muulize mama yake alifanya kazi wapi. Kisha nyamaza umsikilize.

Sasa nirudi Korogwe. Nimeisoma barua yako nikaona unaorodhesha meza, simu, koti, jina mlangoni, na mwisho kabisa, kama jambo dogo, unasema baba amefariki na hakuna aliyefika. Mwanangu, hilo si dogo, na huna haja ya kulificha nyuma ya tai nyembamba. Kwetu mtumishi akifiwa, tawi la JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi ya enzi hizo, lilikuwa linapitisha daftari asubuhi ileile, dereva anaambiwa aangalie mafuta, na wachache wanachaguliwa kwenda hata kama ni Kigoma. Wanakaa mkekani na ndugu zako, wanajua sasa unatoka wapi na mdogo wako anaitwa nani. Ukirudi kazini mtu hakuulizi ripoti siku ya kwanza. Hiyo ndiyo ofisi unayoililia, na una haki ya kuililia.

Lakini hukuiona kwenye tamthilia. Mtazame tena Ida Blankenship, yule bibi aliyekuwa katibu wa Don katika msimu wa nne. Anafia mezani pake. Ng'ambo ya kioo kuna kikao na wateja. Wanamfunika kwa blanketi na kumsukuma kwenye kiti chake cha ofisi chenye magurudumu, wakichungulia wateja wasione, na Don anaendelea na kikao. Baadaye wanapotaka kuandika tanzia, hawajui waandike nini kuhusu mtu aliyekaa nao miaka yote ile, mpaka mzee Cooper, mmoja wa wenye kampuni, aliyemjua kwa miaka mingi, anasema alizaliwa ghalani mwaka 1898 akafia ghorofa ya 37, huyo ni mwanaanga. Maneno mazuri sana. Ila yametoka kwa mtu mmoja tu. Wenye suti nzuri walikuwa wapweke kama wewe, pengine kuliko wewe, na waandishi wa tamthilia ile walilijua hilo tangu kipande cha kwanza.

Hafla ifanye. Bajeti ya kukodi suti na taipureta ielekeze kwingine. Nenda utawala, omba majina ya wastaafu wa kampuni yenu: masijala, mapokezi, madereva, matarishi, wapiga chapa kama walikuwepo. Kama kampuni ni changa na haina wastaafu, kila mfanyakazi alete mzazi au shangazi aliyewahi kufanya kazi ya ofisi. Wapigie simu wewe mwenyewe. Watumie nauli kabla, si baada, kwa sababu mstaafu hatakwambia kwamba hana. Wakae meza za mbele, pamoja na wakurugenzi, na wapewe kipaza sauti kabla ya chakula, wakati watu bado wanasikiliza. Mama wa huyo dada, akiridhia mwanawe, awe wa kwanza kualikwa. Mwombe aje na daftari lake la hatimkato kama analo. Mkurugenzi asome aya moja, mama aandike, kisha amsomee alichosema.

Na mwezi ujao kuna mtu ofisini kwenu atafiwa, au atauguliwa, au atajifungua. Usisubiri kampuni iunde kamati. Tafuta wawili wa kwenda nao, pandeni basi.

SWALI: Mama, mimi ni fundi mstaafu wa mashine za ofisi. Mjukuu ameniwekea Mad Men, nikaona kwa makatibu ile IBM yenye kipira cha herufi. Nikamwambia mwaka huo wanaosema mashine hiyo haikuwepo. Anabisha, anasema wazungu hawawezi kukosea kitu kama hicho kwenye filamu. Nani mkweli?
— Fundi, Tanga

JIBU: Wewe, fundi. Hadithi inaanza Machi 1960, na IBM waliitoa Selectric, hiyo yenye kipira, Julai 1961. Mwonyeshe mjukuu tofauti kwa macho: taipureta za zamani zina nyundo, moja kwa kila jozi ya herufi, na kigari kinachosogea mpaka kengele inalia. Selectric kigari chake kimetulia, kinachosafiri ni kipira chenye herufi na alama 88, kinajizungusha na kuinama kabla ya kugonga karatasi. Aliyewahi kukifungua na kukisafisha kwa mikono yake hahitaji kubishana na televisheni. Na kama vifaa vyako bado unavyo, niandikie kupitia mhariri. Wapo wapiga chapa wa vibarazani wanaotafuta fundi na utepe, na wanakata tamaa.