Je, baba alimsomea mama barua ya uongo?

*Shangazi, shikamoo. Marehemu baba alikuwa tarishi wa misheni. Alichukua barua kwenye sanduku la posta mjini, akazizungusha vijijini kwa baiskeli, na asiyejua kusoma alimsomea papo hapo. Mwaka 1966 alimsomea mama barua ya mumewe wa kwanza, manamba, yaani kibarua, kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe, Tanga: harudi tena. Baadaye baba akamwoa mama. Sasa msibani binamu mmoja kasema barua haikuandikwa hivyo. Kaka yangu mkubwa, mtoto wa yule manamba, kasusa hata arobaini. Nilikuwa naandika historia ya ukoo, nimekwama. Mama yupo, na barua bado iko sandukuni mwake. Niichukue kimyakimya niisome?*
*Mwana wa Tarishi*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba.

Usiiguse. Barua ni ya mama yako, na ukiichokonoa kwa siri utakuwa umefanya kilekile anachotuhumiwa baba yako: kuingilia maneno ya mtu bila yeye kujua.

Huyo binamu aliisoma lini? Hujasema, na nadhani hata yeye hasemi.

Alichosomewa mama hakikuwa cha ajabu kwa wakati ule. Katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge iliporomoka, mashamba ya Tanga yakapunguza watu. Wapo manamba waliorudi kwao mikono mitupu, wapo waliooa hukohuko. Hilo halimsafishi baba yako. Tarishi anayesoma barua za watu ana madaraka makubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji, na anayemtamani mwenye barua ana sababu ya kuruka mstari. Siwezi kukuapia kwamba hakuruka.

Lakini umenisimulia habari za baba, za kaka na za binamu, mama ukamwacha kama alivyokuwa mwaka 1966, hajui a wala be. Ndivyo alivyobaki? Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata akina mama vijijini walijaa kwenye madarasa ya kisomo, wengine na watoto mgongoni. Mwaka 1975 wanakisomo walifanyiwa mtihani nchi nzima. Muulize mama kama alihudhuria. Ikiwa alihudhuria, basi barua hiyo imekaa sandukuni mwake karibu nusu karne akiwa na uwezo wa kuisoma mwenyewe. Na akabaki na baba yako. Uamuzi huo ni wake, una sababu zake, na hapo ndipo historia ya ukoo wenu ilipo, si kwenye baiskeli.

Kamwone kaka kwanza, kabla ya mama. Yeye ndiye aliyekua bila baba yake, na binamu kamtonesha kidonda mbele za watu. Usimtetee marehemu. Mwambie tu, "Twende tukamsikilize mama pamoja."

Mkifika, simu ya kurekodi iache mfukoni. Anza na maswali ya kisomo, nani alimfundisha, walikaa wapi, aliandika nini cha kwanza. Bibi wa miaka 80 ukimwanzisha hapo, barua ataifikia mwenyewe. Akikataa kuitoa, msimbembeleze. Kwenye historia yako andika kwamba barua ipo na mwenyewe kaihifadhi.

Binamu mwambie asubiri kitabu.