Kabla mtoto hajachagua masomo ya IGCSE

Mzazi anayemhamisha mtoto kutoka shule zetu za kawaida kwenda shule ya kimataifa huja na maswali yaleyale: ada ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu ngapi, basi linapita wapi. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini nimefundisha kemia kwa mtaala wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), kisha kwa mtaala wa Uingereza hapahapa Dar es Salaam, na swali zito kuliko yote ni nadra kulisikia siku ya kwanza: mwanangu atasajiliwa masomo yapi, na kwa ngazi ipi ya mtihani? Katika mtaala huu milango huanza kufungwa mtoto akiwa na miaka 14, wakati nyumbani bado wanaamini kwamba mambo makubwa yako mbele sana.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Tunachokiita mtaala wa Uingereza kwa kweli ni wa England. Scotland wana mfumo wao na mitihani yao. Madarasa huhesabiwa kuanzia Year 1, mtoto akiwa na miaka 5, hadi Year 13. Year 10 na 11 ni za IGCSE, mitihani ya kimataifa ya sekondari, tuseme kidato cha tatu na cha nne. Year 12 na 13 ni A Level, kidato cha tano na cha sita. IGCSE ilianza 1988 kwa ajili ya shule zilizo nje ya Uingereza, na hapa kwetu shule nyingi hutumia mitihani ya bodi ya Cambridge, nyingine ya bodi ya Pearson Edexcel. Njiani hakuna mtihani wa kuchuja kama ule wa darasa la saba. Checkpoint, inayofanywa mwishoni mwa Year 6 na Year 9, hupima tu mtoto amefika wapi. Na kwenye ripoti usitafute nafasi ya ngapi kati ya wangapi, mara nyingi haipo. Kuna baba aliigeuza ripoti huku na huku mbele yangu akaniuliza, “Sasa Mwalimu, nitajuaje kama anasoma?”

Wengi huteleza kwenye umri. Shule hizi humpanga mtoto kwa umri aliofikisha kufikia tarehe 31 Agosti, darasa alilotoka wapi ni jambo la pili. Mtoto aliyemaliza darasa la saba akiwa na miaka 13, akaja Januari, huingia Year 9 katikati ya mwaka wao wa masomo. Wazazi hufurahi kwamba karuka madarasa. Mimi huwa nasikitika kidogo, kwa sababu miezi michache tu baada ya hapo ataletewa fomu ya kuchagua masomo ya IGCSE, wakati bado anajifunza kumwelewa mwalimu wa fizikia. Kama shule inakubali, omba arudi mwaka mmoja nyuma. Aibu ya kuwa mkubwa darasani huisha baada ya muhula mmoja.

Sasa ngazi. Kwenye hisabati na sayansi za Cambridge kuna Core, ngazi ya msingi, na Extended, ngazi ya juu. Anayefanya Core hawezi kupata zaidi ya C, hata akijibu karatasi nzima bila kosa. Anayefanya Extended anaweza kufika A*, lakini kwenye hisabati akishuka chini ya E hapati daraja lolote. Edexcel nao kwenye hisabati wana Foundation na Higher. Wao hutoa alama kwa namba, 9 ikiwa ya juu, na Foundation huishia 5. Kwa hiyo mtoto anaweza kukuletea C nyumbani, ukamgombeza kwa uvivu, kumbe ndiyo alama ya juu kabisa aliyoruhusiwa kuipata. Na kwa C hiyo ya Core, shule nyingi hazimpokei kwenye A Level ya hisabati au fizikia.

Sisemi Core ni mbaya. Kwa mtoto ambaye hisabati humtoa jasho na anataka kusoma sanaa au historia, inamwokoa. Kibaya ni mzazi kutojua. Zipo shule ambazo huwaweka watoto wengi Core ili mwisho wa mwaka pasiwe na aliyekosa daraja, na hapo maslahi ya shule na ya mtoto huwa yameachana. Uliza mwishoni mwa Year 9, uliza tena mwanzoni mwa Year 11, maana usajili wa mtihani wa Mei na Juni kwa kawaida hufungwa karibu na Februari. Baada ya hapo mwalimu hana la kukusaidia.

Kiingereza nacho kina karatasi mbili tofauti: ya wanaokitumia kama lugha ya kwanza, na ya wanaokitumia kama lugha ya pili. Mtoto wa Kitanzania mara nyingi huwekwa ya pili. Vyuo vikuu vingi huikubali akipata alama nzuri, vingine huchagua, kwa hiyo soma masharti ya chuo kabla ya kuamua. Kiswahili kipo kwenye orodha ya masomo ya IGCSE ya Cambridge. Muulize mkuu wa shule kwa nini mtoto wa Temeke afanye Kifaransa akiache Kiswahili.

Kwa sayansi, mimi ningeanzia maabara kabla ya bwawa la kuogelea. Cambridge huruhusu shule isiyo na vifaa kufanya IGCSE kwa karatasi ya maandishi badala ya jaribio lenyewe. Mtoto anaweza kupata A ya kemia bila kuwahi kushika bureti. Akifika A Level ya Cambridge hakuna njia hiyo ya mkato, mtihani wa vitendo unafanyika maabara, saa inahesabu, na nimewaona wenye A hizo wakitetemeka mikono.

A Level yenyewe ni masomo matatu, wachache huchukua manne, na hakuna tahasusi zilizopangwa kama PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au EGM (uchumi, jiografia, hisabati). Mtoto huchagua mwenyewe. Uhuru huo ni mtamu na una mtego wake. Anayetaka udaktari akichukua kemia, baiolojia na hisabati anaweza kuomba vyuo vingi vya Uingereza, kwa sababu wengi huko hawadai fizikia. Ada ya huko ikishindikana akataka kurudi Muhimbili, atakuta shahada ya udaktari hapa nchini inataka ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu. Mwambie achukue PCB kwa vyovyote, na hisabati iwe ya nne kama ana nguvu.

Kitu kingine cha Year 12: maombi ya vyuo vya Uingereza hupitia UCAS, na kwa udaktari, Oxford na chuo kikuu cha Cambridge dirisha hufungwa katikati ya Oktoba, mtoto akiwa ameanza tu Year 13. Chuo hutazama alama ambazo walimu wanabashiri atazipata. Ubashiri huo unatokana na kazi ya Year 12, kwa hiyo anayesema “nitakaza mwaka wa mwisho” tayari ameshakadiriwa.

Kwa anayebaki nyumbani, cheti cha Cambridge au Edexcel lazima kipelekwe NECTA kwa ajili ya ulinganifu kabla ya kuomba chuo cha Tanzania. Hulinganishwa cha IGCSE na cha A Level pia, kwa hiyo usikubali kile cha kwanza kikae kabatini shuleni kwa miaka miwili. Matokeo ya Juni hutoka Agosti na vyeti hufuata baadaye. Kifuate mwenyewe, hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa, na kama shule imeandika “Mohammed” kwa m mbili wakati RITA, wanaosajili vizazi, waliandika kwa moja, lisahihishwe kabla mtoto hajaaga shule.